Nchi Iliyokuwa Chini ya Kisanduku

Ofisini walimwita Mama Wino, na vidole vyake ndivyo vilivyompa jina hilo. Gumba, cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi mpaka ndani ya kucha, weusi usiosikia sabuni wala ndimu. Mumewe, fundi wa majokofu na mtu wa maneno mengi, alipenda kuwaambia wageni kwamba ameoa mwanamke anayepiga kura kila siku.

Kazi yake ilikuwa kuchora ramani. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo la serikali, ngazi zake za saruji zimelika katikati kwa miguu ya watu, na ndani mlikuwa na meza za vioo zenye taa chini yake. Mchoraji alitandika karatasi ang'avu ya plastiki juu ya mchoro wa zamani, akafuata mistari kwa kalamu yenye ncha kama unywele. Mkono ukitetemeka kidogo tu, mto unapata kigugumizi. Ukikosea, unaukwangua wino kwa wembe, taratibu, kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Mama Wino alipochora mto alibana pumzi tangu unapotoka mlimani, na wenzake walijua wasimsemeshe mpaka waone mabega yake yameshuka.

Kwa njia hiyo alikuwa ameizunguka nchi nzima, mlima kwa mlima. Kwa miguu yake, hata hivyo, hakuwahi kupita mji alikozaliwa, nao ni safari ya asubuhi moja tu kwa basi. Hakuona ajabu yoyote. Hata mshona suti si lazima awe bwana harusi.

Sasa, ile ramani kubwa ya nchi, inayotundikwa madarasani na katika ofisi za wakubwa, ilikuwa na kisanduku kwenye pembe ya juu upande wa kulia. Ndani yake mlikaa ufunguo wa alama, kipimo cha umbali, mshale wa kaskazini na muhuri wa ofisi. Kilikuwepo kabla Mama Wino hajaajiriwa, na kila toleo jipya lilipotoka, kisanduku kilichorwa palepale, kwa sababu ndipo kilipokuwa. Chini yake kulikuwa na nchi. Watu waliiita Kule Juu, basi, na kila mtu alikuwa na sentensi moja ya kusema juu yake. Mwalimu alisema kuna joto na watu wachache. Mtangazaji wa hali ya hewa, akishamaliza mikoa mingine yote, alitupia haraka, "Na Kule Juu, jua kali," siku zote, hata masika. Mama mkwe wake Mama Wino, ajuza mwenye sauti ya kuamrisha aliyeishi nao, alisema kule hakuna kitu. Ukimuuliza amejuaje, alijibu, "Kungekuwa na kitu, si tungesikia?"

Kwa nini wangejua zaidi? Hakuna aliyekuwa na shangazi wa kumtembelea huko, wala mzigo wa kwenda kuuza, wala kesi. Mtu huijua njia inayompeleka kwenye shughuli yake, akifika anageuza. Ramani nayo, iliyopaswa kusema, ilikuwa imezibwa mdomo.

Hali ilikuwa hivyo mpaka asubuhi ile maboksi ya picha yalipoletwa. Ndege ilikuwa imepita juu ya Kule Juu, mstari kwa mstari kama mtu anayelima, ikipiga picha za ardhi kutoka angani. Mkuu wa kitengo, mtu mwembamba aliyependa kuvua miwani kila alipotaka kusema neno zito, alivua miwani akasema toleo jipya lazima lianze na sehemu hiyo. Picha zile zilipigwa mbilimbili, kila mahali mara mbili kwa pembe tofauti kidogo. Ukiziweka pamoja chini ya lenzi mbili zenye miguu, jicho hili likaona hii na lile likaona ile, akili inaziunganisha na ardhi inainuka.

Mama Wino alikuwa ametumia lenzi zile kwa vilima na mabonde mengi. Aliinama, akasogeza picha ya kushoto, akasogeza ya kulia, akatulia.

Kisha akapiga ukelele.

Wenzake wakakimbilia mezani wakidhani amejikata na wembe. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama mtu aliyeegemea dirisha akakuta halina kioo. Chini ya macho yake nchi ilikuwa imepasuka. Upande huu kulikuwa na uwanda, tambarare kama mkeka, halafu ghafla hapakuwa na kitu, ardhi imekatika wima na kushuka, kushuka, mpaka kwenye sakafu nyeupe iliyokuwa mbali sana. Aliweka jozi nyingine ya picha, ufa ukaendelea. Akaweka nyingine, bado unaendelea. Alishinda hapo mpaka chai yake ikaota utando.

"Hiki kitu kinaitwaje?" aliuliza.

Mkuu wa kitengo aliinama akatazama, akasogeza lenzi, akatazama tena. "Hakina jina," alisema. "Yaani, kwetu hakina."

Picha za angani zinaonyesha kila kijiwe, lakini hazisemi. Ili kujua majina lazima mtu aende na picha zake mkononi, awaulize wenyeji, hapa panaitwaje na pale panaitwaje, na ayaandike juu ya picha zenyewe. Kazi hiyo ilikuwa ya mpima ardhi mmoja, lakini juma lile alikuwa ameteleza kwenye zile ngazi zilizolika akavunjika mguu. Mkuu akatazama huku na huku, na kila mtu akapata ghafla kalamu ya kusafisha.

"Nitakwenda mimi," ilisema sauti, na Mama Wino akastaajabu kwamba ni yake.

"Wewe?" Mkuu alivua miwani. "Wewe si huwa unatapika hata kwenye lifti?"

"Lifti inakwenda juu. Huko nitakwenda mbele."

Watu walicheka, lakini hakukuwa na mwingine aliyenyoosha mkono, na mambo yakaisha hivyo.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Mumewe aliweka kijiko chini. "Mama Wino wangu, na chai ya asubuhi je?"

"Jiko lipo, sufuria lipo, na wewe ni fundi."

"Fundi wa kugandisha, mke wangu. Kuchemsha ni fani nyingine."

Mama mkwe hakucheka. Alimtazama mkwewe juu mpaka chini kama anayempima kitambaa. "Unakwenda kuandika majina," alisema. "Kule ambako hakuna kitu. Mwanangu, mahali pasipo na kitu pana jina gani?"

"Ndicho ninachokwenda kuuliza, mama."

"Haya. Chukua koti langu zito. Mahali nisipopajua nadhani pana baridi."

"Redio inasema jua kali."

"Redio imefika?"

Mama Wino akalichukua koti.

Waliondoka kwa gari la ofisi, yeye na dereva, mtu mkimya aliyesema tu pale gari liliposema kwanza. Barabara ya lami iliwasindikiza mpaka kwenye kituo cha mwisho cha mafuta. Dereva alikuwa hajawahi kupita hapo. Alijaza matangi na madumu, akazunguka gari akipiga teke kila tairi, akasema, "Kuanzia hapa tunasoma wote."

Na hapo ndipo Mama Wino alipoanza kuelewa alichokuwa akifanya miaka yote ile. Uwanda ule aliujua. Alikuwa ameuchora mwenyewe, sehemu ile iliyojitokeza kabla ya kisanduku, upana wa kiganja kimoja, kazi ya kati ya chai na chakula cha mchana. Sasa walisafiri ndani ya kiganja kile tangu jua linachomoza mpaka linazama, na vile vilima vya buluu mbele yao havikusogea hata kidogo, kama vile gari linasukumwa nyuma kwa kadiri linavyokwenda. Walilala, wakaamka, wakaendelea. Anga lilikuwa kubwa mpaka akajikuta anainamisha kichwa ndani ya gari. Mara moja waliona mvua ikinyesha mbali upande wa kushoto, mvua nzima, mwanzo wake na mwisho wake, imesimama peke yake uwandani kama mtu anayesubiri usafiri, na pande zote zilizobaki kuna jua.

"Dereva," alisema, "mimi nimeipita hii kwa kalamu mara ngapi sijui. Sikujua kama ina upande wa ndani."

Dereva alibadili gia. "Gari nalo halikujua," alisema.

Walifika kwenye mji mdogo, mtaa mmoja wa maduka yenye mabati, shule, zahanati iliyopakwa chokaa, na kisima chenye foleni ya madumu. Upepo ulikuwa mkali na mchanga ukaingia kila mahali. Mama Wino alimuuliza muuza duka ni nani anayejua majina ya sehemu za huko.

"Mtafute Mkunga," muuza duka alisema. "Sisi wengine tunajua tunakokwenda. Yeye anaitwa na kila mtu, kwa hiyo anakwenda kote."

Mkunga alikuwa akiishi peke yake nje ya mji, kwenye nyumba ya mawe karibu na mahali ardhi ilipokatikia. Alikuwa rika moja na Mama Wino, mwenye mabega mapana na kicheko cha kumtisha mbuzi. Juu ya mlango wake ilining'inia taa ya karabai, kubwa, iliyosuguliwa ikang'aa. Aliiwasha kila jioni bila kukosa, ili mwanamke mwenye uchungu, au mume wake anayekimbia huku na huku kama kuku, asipotee njia. Alisikiliza maelezo ya Mama Wino mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo serikali imekutuma uje uulize vitu vinaitwaje."

"Ndiyo, dada."

"Imechelewa, lakini si mbaya. Umeuona Ufa?"

"Nimeuona kwenye picha."

Mkunga alimshika mkono, kama mtu anavyomshika mwenzake ili amvushe barabara, akamzungusha nyuma ya nyumba.

Mama Wino alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameutazama Ufa ule kwa lenzi siku nzima, anajua kila mkunjo wake. Lakini kwenye meza ya kioo Ufa ulikuwa kimya. Hapa ulikuwa unapumua. Upepo ulipanda kutoka chini, wa moto, ukainua mtandio wake ukausimamisha juu ya kichwa. Mbele ya vidole vya miguu yake jiwe liliisha, na chini, chini kabisa, ndege wakubwa walikuwa wakizunguka, na yeye akawa anaona migongo yao. Kivuli cha wingu kilikuwa kinatambaa juu ya sakafu nyeupe ya chumvi, na kilichukua muda mrefu kutoka jiwe hadi jiwe hata akatambua kwamba yale si mawe ni vilima. Kundi la mifugo lilikuwa limemwagika pembeni mwa ile chumvi kama pilipili manga. Ukuta wa pili, wa ng'ambo, ulionekana kwa mbali sana, buluu juu ya buluu, na hakuwa na hakika kama ni ardhi au ni hewa tu iliyoamua kusimama.

Akaketi. Alijikuta amebana pumzi, kama afanyavyo anapochora mto, ila hapa hapakuwa na mahali pa kuishia ili aiachie.

"Pumua," Mkunga alisema. Alikuwa amezoea kuwaambia watu hivyo.

Basi wakaanza kazi. Kila asubuhi walitoka, Mkunga mbele na fimbo yake, Mama Wino nyuma amebeba picha, dereva akiwafuata na maji. Na majina yalikuwa kila mahali! Mteremko wa kwanza uliitwa Shuka Pole. Mwamba ulioegemea njia uliitwa Usiimbe, kwa sababu sauti kali huangusha mawe. Kulikuwa na kisima kinachoitwa Maji ya Jana, bonde dogo linaloitwa Mama Kapumzika, na jiwe moja la kawaida kabisa, halifiki hata kimo cha mtoto, lililoitwa Hapa Tulirudi. Mama Wino aliuliza nani walirudi, na kwa nini. Mkunga alinyanyua mabega. Jina lilikuwa la zamani kuliko sababu yake.

Mwanzoni Mkunga hakuweza kusoma picha. Aliigeuza na kuigeuza, akasema anaona ngozi ya mamba. Mama Wino akaziweka mbili juu ya jiwe bapa, akasimamisha lenzi, akamwambia ainame na asiwe na haraka. Mkunga aliinama. Mgongo wake mpana ukatulia. Halafu akaanza kucheka kwa sauti ndogo ambayo Mama Wino hakuwahi kuisikia kwake.

"Nyumba yangu ile," alisema. "Na njia yangu. Jamani, njia yangu inapinda hivi? Mimi nilidhani imenyooka." Aliinua kichwa, macho yamemjaa maji. "Nimeikanyaga maisha yangu yote, mwenzangu. Sijawahi kuiona."

Siku walipomaliza upande ule, walikuwa wamekaa ukingoni wakila mikate waliyobeba. Mama Wino alinyoosha kidole chake cheusi kuelekea ukuta wa buluu. "Na kule ng'ambo panaitwaje?"

"Kule?" Mkunga alitafuna. "Kule ni ng'ambo tu. Hakuna kitu kule."

Mama Wino alimgeukia, akamtazama, na kicheko kikamtoka mpaka mkate ukampalia. Mkunga akampiga mgongoni, akidai aelezwe kinachochekesha. Alipokwisha kusikia habari za mama mkwe wa mjini na sentensi yake, hakucheka. Aliendelea kutazama ng'ambo.

"Na sisi tunasema nyie mnaishi kwenye makabati," alisema mwishowe. "Mmoja juu ya mwingine, na wa chini hamjui jina la wa juu. Ni uongo?"

Mama Wino aliwafikiria majirani wa ghorofa ya juu, ambao alizijua nyayo zao, kikohozi chao na saa ya kuvuta kiti. "Si uongo," alikiri.

"Basi." Mkunga alijipangusa makombo, akasimama. "Twende tukaone hiyo ng'ambo. Mimi hakuna aliyewahi kuniita huko kuzalisha, ndiyo maana sijaenda. Leo umeniita wewe."

Kushuka kulikuwa kwa magoti, na kuvuka kulikuwa kwa koo. Chumvi ilivunjika chini ya viatu kama sahani, na mwanga ulitoka juu na chini pamoja, hata wakajifunga vitambaa usoni wakabakiza upenyo wa kuchungulia. Walitembea wote watatu asubuhi na jioni, mchana wakajificha chini ya turubai wakisikia chumvi ikilia kwa joto, tik, tik. Ule ukuta wa buluu ukawa wa zambarau, kisha wa kahawia, kisha ukapata mikunjo, kisha miti, kisha njia. Mkunga alipoiona ile njia, alama za kwato na za miguu ya watoto, alichuchumaa akaigusa.

"Watu," alisema.

Juu, kwenye bega la ukuta wa pili, kulikuwa na nyumba, moshi wa kupikia, na mbwa waliobweka kwa mshangao zaidi kuliko hasira. Watu walitoka mmoja mmoja. Mzee mmoja mrefu, ambaye wengine walimpisha aseme, alitazama viatu vyao vyeupe kwa chumvi.

"Mmetoka wapi ninyi?"

"Ng'ambo," Mkunga alijibu.

"Ng'ambo ipi?"

"Ile pale." Akaonyesha nyuma yake.

Mzee alitazama kule, akamtazama yeye, akatazama tena kule. "Ile? Ile haina watu, binti yangu. Ile ni ya mawe."

Waliketishwa, wakapewa maji na chakula, na maswali yakawa kama mvua. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya uwanda wa upande wa kina Mkunga. Mama Wino alitandaza picha, akaanza kuuliza majina, na wakampa, watoto wakipokezana. Kisha akaonyesha pembe ya mwisho ya picha, ukingo wa pili, walikotoka, akauliza kama nako wana jina lake.

"Pale?" alisema mzee. "Pale panaitwa Nyota Mvivu."

"Kwa nini?"

"Kuna nyota pale. Inatoka kila siku giza linapoanza, chini kabisa, juu ya mawe. Nyota nyingine zinapanda. Hiyo haipandi. Inakaa palepale, halafu inachoka inazimika. Iko hivyo tangu mwanangu wa kwanza hajaota meno. Watoto wetu wakikataa kuamka tunawaambia, haya, nyota mvivu."

Watu wakacheka, ila Mkunga hakucheka. Alikuwa amesimama. Mkono wake ulikuwa mdomoni, na ule mwingine ulikuwa umemshika Mama Wino begani kwa nguvu iliyoacha alama.

"Siku hizi chache haijatoka," mzee aliendelea. "Tumeanza kuwa na wasiwasi nayo."

"Ni mimi," Mkunga alisema.

Hawakuelewa.

"Ni taa yangu. Naitundika mlangoni. Haijawaka kwa sababu mimi niko hapa." Akageukia ng'ambo. "Mimi nikitazama huku, naona weusi tu. Na ninyi mlikuwa mnaniangalia!"

Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisogea, akamgusa Mkunga shavuni kwa ncha ya kidole, kama anayejaribu kama chuma ni cha moto. Kisha mwingine. Mzee alivua kofia yake. Na Mkunga, aliyewapokea watoto wa nusu ya nchi ile bila mkono kutetemeka, alilia kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi, akicheka katikati ya kilio, akirudia, "Mvivu! Mimi? Mvivu!"

Mama Wino aliandika jina lile juu ya picha, pale nyumba ya mawe ilipokuwa. Mkono wake ulitetemeka na herufi zikapinda, na hakuzikwangua.

Aliporudi mjini, amebabuka pua na koti la mama mkwe limejaa chumvi mifukoni, ilichukua miezi kuchora kila kitu. Mkuu wa kitengo alilalamika kwamba majina ni mengi, sehemu tupu haijawahi kuwa na majina mengi hivyo. Kisha wakafika kwenye suala la kisanduku. Kwa kuwa hakingekaa tena palepale, mkuu alisema kihamishiwe pembe ya chini kushoto.

"Nani anakaa hapo?" Mama Wino aliuliza.

"Hapo? Hapo hakuna…" Mkuu alivua miwani. Akaivaa tena. "Sijui," alisema, na kwa mtu kama yeye lilikuwa neno zito kuliko yote aliyowahi kuvulia miwani. Mwishowe nchi yote ilipunguzwa kidogo ili kisanduku kikae nje, chini, peke yake. Wachoraji walinung'unika kwa kazi ya kurudia kila mstari, lakini walichora.

Nakala moja aliipeleka nyumbani. Mumewe alitafuta mtaa wao, kama wafanyavyo watu wote, akaridhika kwamba bado upo. Mama mkwe alisogeza kiti ukutani. Alianza kusoma majina kwa sauti, herufi kwa herufi, Shuka Pole, Usiimbe, Mama Kapumzika, na kadiri alivyosoma sauti yake ya kuamrisha ilizidi kupungua.

"Huku kote," alisema, "na sisi tunalala tu?" Akaweka kiganja chake juu ya Ufa, akakiacha hapo muda mrefu, kama mtu anayesikiliza homa.

Tangu mwaka ule Mama Wino hakukaa tena mezani mwaka mzima. Kila kiangazi aliomba safari, na kwa kuwa hakukuwa na wagombeaji, alipewa. Mara moja mumewe alifuatana naye, akarudi akiwa amekonda na amepungukiwa maneno, hali iliyodumu karibu wiki.

Safari yake ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa ya mabwawa ya kusini, ambako mto mkubwa hupotea ndani ya matete. Ule mto alikuwa ameuchora mara nyingi, na kila mara uliishia kwenye vistari vifupi vya buluu vyenye maana ya majimaji. Alipanda mtumbwi wa mwanamke mmoja msusi wa mikeka. Asubuhi ilikuwa tulivu, ukungu umelala juu ya maji, na matete yalikuwa marefu kuliko nyumba. Alitoa picha zake, akaonyesha kisiwa cheusi kwenye picha, akauliza kinaitwaje.

Msusi alitaja jina. Kisha akasema, "Lakini hakipo hapo."

"Kiko wapi?"

"Leo? Sijui. Kilipita kwetu kabla ya mvua."

Mama Wino alidhani hajasikia vizuri. Msusi akaacha kupiga kasia, akamwonyesha kwa kidevu. Mbele yao ukungu ulikuwa unapasuka, na katikati yake kipande cha nchi chenye miti, nyasi na ndege weupe waliolala matawini kilikuwa kinapita, bila sauti, polepole sana, kinakwenda zake. Mizizi yake ilining'inia majini kama pindo la kanga. Mtumbwi ulitikisika kidogo kilipowapita, na harufu ya udongo mbichi ikawajia usoni.

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Mama Wino, imefunguliwa. Aliifunga. Alikunja picha zake akaziweka chini ya kiti, akakaa akitazama mpaka mti wa mwisho ulipoingia kwenye ukungu.

"Kipo kingine?" alinong'ona.

"Vipo vingi," alisema msusi, na akaanza tena kupiga kasia.